Gonga Kikombe

Uliona, ukageuza uso. Usinikatalie. Umewahi kuwakuta wazee wawili dukani, mmoja ameshika mkate, mwingine anauminya kujua kama ni wa leo, wananong'onezana kwa ukali juu ya chumvi na presha. Moyo wako ulikuambia papo hapo. Mdomo wako ukasema, "Ndugu hao," ukapita zako. Wahenga walisema macho hayana pazia. Wewe ukashona la kwako, ukalitundika, na mpaka leo unajisifu kwamba huingilii ya watu. Basi leo kaa. Nitakuonyesha pazia lako liliwafunika akina nani.

Liliwafunika Orrin Tackett na Fermín Baca, wa chumba cha mwisho wa korido, katika jumba moja la wazee pale Burbank, mwaka wa 1993. Orrin alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, mweupe kama chaki aliyoandikia maisha yake yote, na akili yake ilikuwa imeanza kuvuja. Fermín alikuwa fundi wa makochi, mfupi, aliyeivishwa na jua la New Mexico, na masharubu yake aliyachana kila asubuhi kama mtu anayetayarisha farasi wa maonyesho. Siku ya kuingia walimwambia meneja, Bi. Lorraine Pruitt, kwamba wao ni binamu.

"Mama zetu walikuwa dada," Fermín alisema bila kupepesa.

Bi. Pruitt alimtazama huyu, akamtazama yule. "Naona," akasema, akawapa chumba chenye vitanda viwili.

Wakatoka ofisini wakibana kicheko kama watoto walioramba sukari ya wageni.

"Ameamini!" Orrin alinong'ona.

"Wote huamini," Fermín akajibu. "Watu vipofu, mzee. Vipofu!"

Na hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Ili ulielewe, lazima ujue hao wawili walijifunzaje kuona. Miaka arobaini walikaa nyumba ya kupanga mtaa wa Echo Park, mapazia yamefungwa, wakitazama filamu za zamani kwenye televisheni. Enzi za filamu zile wakaguzi walikuwa na mkasi, na mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume hayakuruhusiwa hata kutajwa kwa kulaaniwa. Lakini ndani ya studio hizo hizo walikuwamo watu wetu: wanaoandika, wanaoshona, wanaopanga taa. Wakafumba. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Neno wakalitia ndani ya kiberiti kinachowashwa kwa ajili ya sigara ya rafiki, ndani ya kofia inayorudishwa kichwani kwa mkono usio na haraka, ndani ya mtu anayesimama dirishani akimwangalia mwenzake anakwenda kuoa.

Nyumbani kwao ilikuwako desturi. Anayeliona neno kwanza hugonga kikombe kwa kijiko. Ting. Mwenzake akiliona, naye hujibu. Ting. Hakuna kusema. Ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba, na Orrin alifundisha watoto wa watu. Alishuhudia mwalimu mwenzake akitolewa darasani kipindi kikiendelea, kwa uvumi tu, koti lake likabaki kwenye mgongo wa kiti mpaka likizo. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Wapo waliolisahau koti lile. Sisi hatukulisahau.

Wengine mlikuwa na picha za harusi ukutani. Sisi tulikuwa na mkono wa mtu juu ya bega la mtu, umekawia kidogo kuliko ilivyohitajika. Tukaishi kwa huo mkono. Na kila filamu ilipokwisha Orrin aliucheka ulimwengu: "Mamilioni wameitazama hii, Baca, na hawakuona hata nukta!" Ndipo wakaamini kwamba duniani wao tu ndio wenye macho.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya filamu sebuleni. Upepo mkavu wa jangwani ulikuwa ukitikisa vioo tangu asubuhi, na wazee hawakutulia. Huyu anahamisha kiti, yule anafungua kitufe cha shingo na kukifunga tena. Walipewa kahawa na jeli ya kijani ambayo hakuna aliyeigusa. Kwenye televisheni palikuwa na filamu ya wapima ardhi wawili waliotumwa nyikani. Mmoja anashika mlingoti juu ya kilima, mwingine anachungulia kwenye lenzi.

Ting.

Fermín aliweka kiganja juu ya kikombe cha Orrin. "Kunywa kahawa yako."

"Umeona?" Orrin aliuliza. Kwa sauti ya darasani, ile ya kumfikia mtoto wa nyuma kabisa.

"Sss! Nimeona."

"Tangu mwanzo wa filamu anachungulia! Milima yote ile, na kazi yake kupima mtu mmoja!"

Minna Zelnik, bibi wa chumba cha pili, alicheka bila kuinua macho kwenye sweta aliyokuwa anafuma. "Kweli bwana, mlima wenyewe haujapimwa."

"Mwalimu," alisema Meja Stubbe kutoka kiti cha mbele, askari mstaafu aliyekaa wima hata usingizini, "sisi wengine tunasikiliza."

"Husikilizi, Meja. Ungekuwa unasikiliza ungelia."

Watu wakacheka. Fermín hakucheka. Alikuwa anaijua filamu hiyo, alijua kinachokuja. Yule wa mlingoti amepata mchumba mjini, na asubuhi ya harusi yule wa lenzi anamfunga tai. Anaifunga, anaifungua, anasema imekaa vibaya, anaifunga tena. Huko Echo Park, pale vijiko viwili viligonga pamoja.

"Twende tukapunge upepo," Fermín alisema.

"Upepo gani, vumbi lile?" Orrin alikuwa ameshasogea ukingoni mwa kiti. "Ngoja. Ngoja... Aa! Mfunge polepole, mwanangu. Ukimaliza tu, anaondoka." Halafu akamgeukia Fermín, mbele ya watu wote, akaishika kola ya shati lake, akainyoosha, na mkono akauacha hapo. "Wewe ulinifunga hivi siku ya kumzika mama. Uliifunga mara tatu. Nikakuambia, Baca, nipe busu moja niende, watu wananisubiri."

Sebule ikawa kama imemwagiwa maji.

"Uchafu," alisema Meja Stubbe, akasimama. "Mbele ya wanawake!"

"Wanawake gani?" Minna akauliza. "Mimi nimezika waume wawili, Meja, na hakuna aliyewahi kunifunga hata kitufe."

Lakini Meja alikwisha kuizima televisheni, na filamu ikakatika katikati, bwana harusi amesimama na tai yake.

*

"Si mimi, Bwana Baca," alisema Bi. Pruitt ofisini kwake, siku tatu baadaye. Alikuwa mwanamke wa sauti laini, mwenye bakuli la peremende juu ya meza. "Ni wakazi. Wote wanalalamika."

"Wote?"

"Ni suala la utulivu. Bwana Tackett anahitaji nyumba inayofaa hali yake. Ipo moja Bakersfield. Milango yao ina kufuli, hawezi kupotea."

"Hajawahi kupotea. Anapotea vipi na mimi nipo?" Fermín aliinuka, akakaa, akainuka tena. "Mimi ndiye ndugu yake. Sikubali."

"Ndiyo. Binamu." Alilitamka kama mtu anayetoa unywele kwenye supu. "Nimempata mpwa wake, Bi. Rhonda Skaggs, mtoto wa dada yake. Hajamwona miaka mingi, lakini kwa sheria yuko karibu zaidi yako. Yeye huko huko Bakersfield anakaa. Anakuja Alhamisi kumchukua."

Fermín akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, nyuma ya meno, limekaa miaka arobaini, limekwisha kuvaa koti tayari kutoka. Lakini alijua litamfikisha wapi. Mwaka ule sheria ilimjua binamu. Ilimjua mpangaji, ilimjua mdai, ilimjua hata mbwa mwenye kibali. Mwanamume aliyemuuguza mwanamume mwenzake, akapika naye, akazeeka naye, haikumjua kabisa. Akishikilia uongo, yeye ni ndugu wa mbali. Akisema kweli, yeye ni mpita njia, na wapita njia huonyeshwa mlango. Akafunga mdomo.

"Na jambo dogo," Bi. Pruitt akaongeza, akisukuma bakuli la peremende kuelekea kwake. "Wakati wa chakula, usimkatie nyama. Wahudumu wapo. Kuna watu inawakera."

Jioni ile ilikuwa nyama ya ng'ombe. Orrin aliifukuza nyama yake kuzunguka sahani, ikaangukia mapajani mwake, akaiokota kwa vidole, akaitazama.

"Baca, kisu hiki kimekufa."

"Muombe mhudumu, mzee."

"Kwani wewe mikono imekwenda wapi?"

Mikono Fermín alikuwa ameikalia. Kweli, aliikalia, yote miwili, chini ya mapaja, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mhudumu alikuwa na meza nyingine tano. Orrin alikula viazi tu. Na ukumbi mzima uliliona hilo, na ukumbi mzima ukaendelea kutafuna.

*

Usiku ulipita bila usingizi, kukakucha, na Fermín akawa mtu wa kuzunguka. Alizunguka maegesho ya magari chini ya mijakaranda, akazunguka tena, upepo unamjaza vumbi kwenye masharubu. Minna Zelnik alimfuata na fimbo yake na mfuko wa uzi.

"Simama, kijana. Unanitia kizunguzungu."

"Niache, Minna."

"Mwambie huyo mpwa ukweli."

"Ukweli gani?"

Minna aliegemea fimbo yake. "Fermín. Mpenzi wangu. Mama zenu walikuwa dada? Mama yupi, yule wa Ohio au yule wa Las Cruces kule New Mexico?"

Fermín akasimama.

"Tulijua," Minna akasema. "Wote. Tangu supu ya siku ya kwanza. Uliipuliza supu yake kabla hujaonja yako. Muriel wa chumba cha mbele akanigusa na kiwiko. Hata Meja anajua; ndiyo maana ana hasira, mtu hakasirikii kitu asichokiona. Tunawatazama ninyi wawili kuliko tunavyotazama hiyo televisheni. Mnavyonyoosheana miwani. Mnavyogombana kama mdudu ni jongoo au tandu. Sisi wajane tunagombea meza iliyo karibu yenu, hukujua?"

Ulitegemea nini? Kwamba angefurahi? Alibadilika rangi. Miaka arobaini ya mapazia, ya kutembea hatua moja nyuma ya mwenzake barabarani, ya kuitwa "rafiki wa mwalimu" hata kaburini kwa mama mkwe, na yote hiyo haikumficha hata kwa bibi wa chumba cha pili! Aliwacheka vipofu, kumbe alikuwa anatazamwa.

"Mlijua," alisema. "Na jana, nilipokalia mikono yangu, mlijua."

"Tulijua."

"Na hamkusema kitu."

"Tungesema nini? Tulidhani ndiyo heshima. Mnataka siri, tunawapa siri."

"Heshima!" Alitema vumbi. "Pruitt anasema mnalalamika wote. Kwa jina lenu wanamchukua. Amekuja kwako kukuuliza?"

"Hakuniuliza."

"Na wewe ulimwendea?"

Minna alitazama uzi wake. Hakuwa mwanamke mbaya. Na hapo ndipo hasira yangu isipopata pa kukaa. Wabaya tulipambana nao, tuliwajua majina na namba za beji zao za polisi vifuani. Lakini ninyi wema! Ninyi mnaojua, mnaotupenda kimoyomoyo, mnaotupisha kwa adabu tunapopelekwa! Wakaguzi wa zamani walikata neno kwa mkasi. Ninyi mmeendelea na kazi yao kwa tabasamu.

*

Alhamisi wakazi walidai filamu yao imalizwe, na Bi. Pruitt, ambaye hakutaka kelele siku hiyo, akakubali. Rhonda Skaggs alifika filamu ikiendelea. Alikuwa mwanamke mpana aliyechoka, funguo za gari mkononi, sare ya kazi bado mwilini. Mkoba wa Orrin ulikuwa tayari mlangoni, Bi. Pruitt mwenyewe alikuwa ameufunga.

"Mjomba Orrin," Rhonda alisema, akiinama. "Mimi Rhonda. Wa dada yako Dorothy."

"Nyamaza kidogo, binti," Orrin akamjibu kwa upole, macho kwenye televisheni. "Wanakaribia kufika mtoni."

Rhonda akainuka, akamtazama mtu aliyeketi kando ya mjomba wake, aliyeshika ukingo wa kiti kama kiko baharini. "Na wewe ndiye binamu."

"Ndiye," Bi. Pruitt alisema.

"Bibi yangu, mama yake mjomba, hakuwa na dada. Alikuwa msichana pekee kwa wavulana watano." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeendesha gari kuvuka milima na hataki tena kuzungushwa. "Wewe ni nani kwake, bwana?"

Meja Stubbe aliongeza sauti ya televisheni.

Fermín akasimama. Goti lilimlia. "Kila siku yako ya kuzaliwa ulikuwa unaletewa ramani," alisema. "Bolivia. Mongolia. Moja ilikuwa ya chini ya bahari."

"Ilitoka kwa mjomba."

"Yeye alichagua ramani. Hajui kufunga kifurushi. Mikono yake ni ya chaki. Utepe wa bluu, wenye fundo lisilofunguka."

Rhonda alizishusha funguo. "Mama alikuwa analikata kwa kisu," akasema. "Alikuwa akitukana kila mwaka: Nani anafunga fundo kama hili?"

"Fundi wa makochi," alisema Fermín. "Mimi ni mtu wake, binti. Yeye ni mtu wangu. Tangu kabla hujazaliwa. Sasa nimekwisha kusema, na kwa sheria mimi si kitu. Unaweza kunipita."

Watu sebuleni hawakugeuka. Tazama migongo ile! Muriel alikuwa anatafuta kitu ndani ya pochi yake ambacho hakikuwamo. Wengine walikazia macho filamu, na kwenye filamu yule wa lenzi alikuwa ameshapigwa risasi, kwa sababu katika filamu zile lazima mmoja wetu afe ili mwingine aoe. Ndiyo ilikuwa bei. Wanaume wawili waliruhusiwa kukumbatiana mmoja akishavuja damu. Yule wa mlingoti alikuwa anakimbia kushuka kilima, tai ya harusi inapepea begani.

"Mimi nina kazi ya zamu," Rhonda alisema taratibu. "Nyumbani siwezi kumweka. Nilikuja kwa sababu huyu mama aliniambia hapa hatakiwi. Kwamba wakazi wote wanalalamika." Akauchukua mkoba mlangoni, akaigeukia sebule. "Ni kweli? Wote?"

"Bi. Skaggs, tusiwasumbue wazee," alisema Bi. Pruitt.

"Nauliza tu. Kama kuna anayemtaka abaki, mkoba huu sina haja nao. Kuna anayeona hapa ni kwao?"

Upepo kwenye vioo. Sauti ya farasi mtoni.

Ting.

Minna Zelnik alikuwa ameacha sweta yake ikaanguka. Alishika kikombe na kijiko, na alikuwa akilia kwa hasira, midomo imebanwa.

Orrin aligeuka, uso wote umewaka. "Nani kaona?" aliuliza. "Baca, si wewe. Nani huyo mwingine kaona?"

Rhonda alisubiri. Alihesabu migongo kwa macho. "Mmoja," alisema. Akauweka mkoba sakafuni, lakini hakuuachia mkanda wake. "Mmoja ni rafiki tu. Huyu mama anaweza kusema mmoja si kitu, na nitakuwa nimemwacha mahali pasipomtaka. Nitasubiri filamu iishe."

Imebaki kidogo sana. Yule wa mlingoti amefika, amepiga magoti, amekiinua kichwa cha mwenzake. Muriel ameacha pochi. Meja Stubbe, hapo mbele, ameshika kijiko chake kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe, na hakigongi, na hakiweki chini.

Nawe umekaa nyuma yao. Ulikuwapo muda wote. Uliona supu, uliona kola, ulimwona mtu mzima akikalia mikono yake. Huwezi kusema hukuona, nimekuonyesha. Katika mtaa wako kuna chumba cha mwisho wa korido, na watu wawili wanaoitwa ndugu, na mkoba uliofungwa na mtu mwenye sauti laini anayesema kwamba wewe ndiye umelalamika. Usingoje kuulizwa mara ya pili. Usingoje Meja aanze. Kikombe unacho, kijiko kimo ndani.

Gonga. Sasa hivi, taa hazijawashwa. Gonga!